Mwaka wa Kwanza Hasemi Uwanjani

Nimeinuka mara mbili tangu nichukue kalamu, mara moja kwenda kufunga mlango ambao ulikuwa umefungwa, na mara moja kuangalia kama mvua inakuja kutoka upande wa ziwa. Haiji. Ni miezi minne tangu nirudishe funguo za stoo ya michezo, na bado kila asubuhi miguu yangu inataka kwenda mahali. Mdogo wangu Omondi, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua, anasema nitamaliza nyasi za boma kwa kutembea. Nimemwambia nyasi nazijua kuliko yeye.

Basi naandika, kwa kuwa aliyeshika kazi yangu aliniomba, na kwa kuwa ninyi wengine mnaoingia kazini sasa mmekuwa mkinipigia simu kuuliza mambo ambayo hayaelezeki kwa simu. Msitafute habari za vyeo humu. Niliajiriwa kufyeka nyasi, na kwenye karatasi za ofisi nimestaafu nikiwa mfyeka nyasi. Katikati hapo, kwa misimu mingi, niliwafunza mabeki wa timu ya wasichana, na karibu kila msimu mabeki hao walikuwa wa mwaka wa kwanza.

Wageni huuliza kwa nini. Chuo chetu ni cha ualimu, kando ya barabara ya kutoka Rangwe kwenda mjini Homa Bay. Mechi za vyuo huja muhula uleule ambao wanafunzi wa miaka ya juu wametawanywa katika shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Washambulizi huwa tunawapata, kwa sababu kufunga mabao kila mtu anapenda, na hata aliyepelekwa ndani kabisa Lambwe atatafuta pikipiki ya kumleta. Mabeki hawarudi. Beki akipata sababu nzuri ya kutokuja, haji, na simlaumu. Kwa hiyo ukuta wetu wa nyuma huwa ni wa wale waliofika juzi na masanduku yao ya bati.

Nianze mwanzo, la sivyo nitaruka huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba.

Nilikuwa kidato cha pili, bwenini, si mbali na Asumbi, mama alipomfuata baba kaburini. Nyuma yangu walikuwa wanne, na Omondi ndiye aliyenifuata. Sikurudi shuleni kuchukua hata godoro. Nilikwenda Remba kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwa ambacho ukinyoosha mkono umegusa ukuta wa jirani, na huko nilikaa miaka miwili huku bibi akiwaangalia wadogo. Bibi alipochoka nilirudi, na rafiki wa marehemu baba akanipeleka kwa Mzee Obura, aliyekuwa mkuu wa nyasi chuoni. Mkuu wa watu wawili, yeye na mimi.

Siku ya kwanza Mzee Obura alinipa fyekeo butu na tupa, akaenda zake. Nilifyeka kuanzia asubuhi mpaka jua likawa utosini, na mahali nilipopita palionekana kama pameliwa na punda. Aliporudi alipatazama. Alichukua fyekeo, akaliweka juu ya goti, akapitisha tupa kwa kusukuma mbele tu, anainua, anasukuma tena. Halafu akasema, "Nyako, wewe umetumia nguvu ya siku tatu kwa sababu uliogopa kuniuliza." Nyako ni msichana kwa Kijaluo, na aliniita hivyo mpaka anastaafu, wakati huo nikiwa na mvi mbili za kwanza. Maneno hayo ya tupa niliyasikia kama mafunzo ya tupa. Ilichukua miaka mingi kuyasikia vizuri.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma uwanja. Kila Jumatatu, kabla ya kufyeka, tulizunguka. Mbele ya goli hapana nyasi, hapo kila mtu anajua. Lakini ukitembea polepole utaona alama za njumu: hapa beki wa kati husimama, hapa hugeuka, hapa hukimbilia. Na utaona mahali ambapo nyasi zimesimama nzuri, zimenona, hazijaguswa. Mzee Obura alizigusa kwa ncha ya kiatu. Pale penye nyasi nzuri nyuma ya mabeki, alisema, ndipo mabeki hawafiki, na ndipo bao litakapotoka. Hakuwahi kumwambia mwalimu wa michezo jambo hilo. Alisema hakuulizwa.

Mimi nilisema. Wakati huo mwalimu wa michezo alikuwa Mwalimu Odera, mtu wa hesabu aliyepewa timu ya wasichana kwa sababu alichelewa kwenye mkutano wa kugawana kazi. Timu ilikuwa imefungwa mechi tatu mfululizo. Nilimkuta amesimama kwenye mstari nikamwambia kwamba bao lijalo litapita kati ya beki wa kushoto na beki wa kati, hatua kumi kutoka kwenye boksi. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha nyasi. Alicheka sana. Jumatano ikafuata, bao likapita palepale, na Alhamisi akaja kwenye stoo akiwa hacheki. Akasema, "Dada Rispa, hawa mabeki wachukue wewe. Mimi nibaki na wanaofunga." Hivyo ndivyo nilivyopandishwa, kama mnataka kuita hivyo.

Sikuwa na koni wala ubao. Nilikuwa na kamba. Niliitoa Remba, kamba ya juu ya nyavu, ile yenye maboya, na niliifunga kwenye viuno vya mabeki wanne, nafasi ya hatua nane kati ya mmoja na mwingine. Mmoja akienda kulia, wote waende kulia. Mmoja akibaki nyuma, kamba inamkumbusha tumboni. Wasichana wa ufuoni walielewa siku hiyohiyo, kwa kuwa wamekua wakiona watu wakivuta nyavu kwa mstari. Wa mashambani walianguka wiki nzima. Hakuna aliyeumia, ingawa mmoja aliniambia kwamba hata ng'ombe wao wa kulima huwa wanafungwa wawili tu.

Sasa niwaambie ninachojua kuhusu beki wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa ndilo swali mnalouliza zaidi.

Akiwa mmoja kati ya wakubwa watatu, hakuna shida. Wanamfunika, naye anakimbia kwa niaba yao. Wakiwa wawili, msiwaweke bega kwa bega, kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenzake aende, na mpira unapita katikati wakitazamana kwa adabu. Wakiwa watatu au wanne mmepata timu nyingine kabisa. Wana mapafu. Hawajui bado ni nani wa kuogopwa katika timu pinzani, na hiyo ni faida kubwa kuliko mnavyofikiri, ila inaisha katika mechi ya tatu. Kisha kuna jambo ambalo makocha wengi hawalioni: wakubwa waliobaki huanza kucheza vibaya. Nahodha anazunguka kutazama watoto badala ya kutazama mpira. Mwaka wa kwanza haubadilishi nafasi yake peke yake, unabadilisha shingo za wote.

Siku ya kuripoti nilikuwa nasimama langoni na fyekeo langu kama mtu mwenye kazi, nikiangalia foleni. Sikuangalia urefu wala miguu. Kwenye foleni wengi hutazama mbele, kwenye meza ya karani. Wachache hugeuka kila mara kuona ni nani yuko nyuma ya sanduku lao. Hao nikawauliza majina.

Na nilikuwa na sheria moja. Mwaka wa kwanza hasemi uwanjani. Nahodha anasema, wengine wanasikia. Niliitoa nyumbani. Tulikuwa watoto watano na chumba kimoja na nusu, na wote wakisema hakuna anayesikia, kwa hiyo niliweka utaratibu: mkubwa akisema, wadogo kimya. Nilijivunia nyumba yangu. Nilikuwa nawasimulia mabeki wangu kila mwaka jinsi Omondi, akiwa na miaka tisa, alivyoanguka kwenye mwamba akavunjika kiganja, na jinsi alivyokaa siku mbili bila kulia wala kusema kwa sababu nilikuwa na wageni wa ukoo. Niliona mkono umevimba siku ya tatu nikimpa uji. Wasichana walicheka, nami nikasema, hiyo ndiyo nidhamu. Nilisimulia hivyo misimu saba.

Nimeinuka tena. Nimerudi.

Msimu wa nane alikuja Mkuu mpya wa chuo. Alikuwa mtu safi, viatu safi, meza safi. Alipitia mafaili ya wafanyakazi, akafika langu, akaniita. Aliuliza cheti cha ukufunzi kiko wapi. Nikamwambia sina. Akauliza cheti cha sekondari. Nikamwambia nilitoka kidato cha pili. Hakunidharau, niseme ukweli. Alisema tu kwamba chuo kinaelekea kupata mkufunzi mwenye vyeti, na kwamba Mwalimu Odera amenitetea, kwa hiyo tutaangalia mechi za Migori. Mabeki wakishika mpaka tukapita kundi letu, atatafuta njia ya kuniacha nao. Wasiposhika, nitarudi kwenye nyasi peke yake.

Mtu akikuambia utarudi kwenye nyasi, na wewe hukuwahi kuziacha, unaweza kucheka. Sikucheka. Wiki hiyo nilichora mistari ya uwanja mara tatu, na kulikuwa hakuna mechi.

Mwaka huo wakubwa wote walikuwa wametawanyika ila nahodha, Achieng', aliyepata shule ya mazoezi karibu na lango letu. Alikuwa beki wa kati, mwaka wa mwisho, mwenye sauti ya kuuza samaki. Pembeni yake nilikuwa na watatu wa mwaka wa kwanza, na aliyesimama naye katikati alikuwa Boke. Alitoka upande wa Kuria, kule Migori juu, mrefu, mpole, hajui Kijaluo hata cha kusalimia. Kwenye foleni ya kuripoti alikuwa amegeuka nyuma mara nyingi mpaka karani akamuuliza kama anafuatwa. Alikuwa na macho ambayo sijaona tena. Alijua mpira unakwenda wapi kabla ya mwenye mpira. Nilimweka bega kwa bega na Achieng', nikamwambia sheria yangu, naye akaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa ameanza kuitii palepale.

Tulikwenda Migori kwa basi la chuo, tukalala katika madarasa. Mechi ya kwanza tulitoka sare, nunge kwa nunge. Ya pili tulishinda moja. Ya tatu ilikuwa dhidi ya wenyeji, na tulihitaji sare tu. Ilikuwa Ijumaa alasiri, na nusu ya timu yangu ni Waadventista, ambao Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo walikuwa wanataka kushinda kabla ya jua kuzama na wakati uleule wanalitazama jua. Nilitembea kwenye mstari kama kawaida yangu. Sijawahi kutazama mechi nikiwa nimeketi. Mshika kibendera aliniambia mara mbili nisimkanyage.

Wenyeji walikuwa na mshambulizi mfupi, namba tisa, mjanja. Kwa nusu saa hakupata kitu. Kisha akagundua kwamba Achieng' anatazama mpira tu, na akaanza kujificha nyuma yake, karibu kabisa, mahali ambapo kivuli chako kinakaa. Mimi sikumwona, nilikuwa upande wa pili. Dakika chache kabla ya mapumziko mpira mrefu ulipigwa. Nikamwona Boke akifanya jambo ambalo sikulielewa. Aliacha nafasi yake, akatembea haraka kuelekea kwa Achieng', mkono umenyooshwa kama mtu anayetaka kumgusa mkubwa bega kanisani amwambie kitu sikioni. Hakufika. Mpira ulipita juu ya wote wawili, namba tisa akazunguka, kipa akatoka amechelewa. Bao.

Wakati wa mapumziko waliketi kwenye nyasi na machungwa yao. Achieng' alikuwa tayari anamchambua Boke mbele ya watu. Alimwambia ameacha nafasi yake, akamuuliza alikuwa anakuja kuomba chumvi. Wengine walicheka kidogo. Nilipiga magoti mbele ya Boke.

"Ulimwona yule tisa?"

"Nilimwona."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu amalize kufunga kamba ya kiatu."

Hiyo ilikuwa dakika kumi nzima kabla ya bao. Nikamuuliza mbona hakumwambia Achieng'. Aliniangalia kama ninamtega.

"Mama Rispa, si ulisema mwaka wa kwanza hasemi."

Hakukuwa na ujeuri ndani yake. Alinijibu kama mtu anayekuonyesha kwamba mlango ameufunga ulivyomwagiza. Hapo nilikuwa nimepiga magoti Migori, mbele ya msichana wa Kikuria mwenye ganda la chungwa mkononi, na kitu nilichokiona ni mkono wa Omondi juu ya bakuli la uji.

Kulikuwa na dakika nane za mapumziko zilizobaki. Nilisimama nikawaambia watatu wa mwaka wa kwanza wasimame pia. Nikawaambia nitatembea kinyumenyume, wanielekeze, kwa sauti, na waniite jina langu. Si mama, si mathe. Jina. Wa kwanza alijaribu akacheka. Wa pili alisema "Rispa" kama anayeonja maziwa ya moto. Boke akafungua mdomo.

"Mama Rispa, tafadhali rudi kushoto."

Hata Achieng' alicheka, na mabeki wa wenyeji waliokuwa karibu wakageuka kutazama mwanamke mzima mwenye gambuti miguuni anayerudi nyuma kama ng'ombe aliyeona nyoka. Nilimwambia Boke kwamba tafadhali ni ndefu, mpira hauisubiri. Ajaribu tena. Alijaribu mara nne. Mara ya nne alisema, "Rispa, kushoto," nami nikaenda kushoto. Kisha nikamwambia Achieng', mbele yao wote, kwamba kipindi cha pili Boke ndiye anayesema na yeye ndiye anayesikia. Achieng' alitema mbegu ya chungwa. Akasema, "Huyu wa juzi?" Nikasema huyohuyo wa juzi. Akamwambia Boke, "Sawa. Lakini usiniite sista. Ukisema sista nitafikiri unaniomba kitabu."

Kipindi cha pili hatukufungwa tena. Namba tisa alijificha, na kila alipojificha sauti nyembamba ilitoka nyuma: Achieng', mgongoni. Achieng', toka. Achieng', acha. Mara ya kwanza Achieng' alishtuka akachelewa, na kipa akatuokoa. Mara ya pili alikwenda. Kufikia mwisho walikuwa wanapanda kwa pamoja bila kamba, wanne kwa mstari mmoja, na kibendera cha kuotea kiliinuka mpaka namba tisa akaanza kugombana na refa. Nilitembea mstari huo mpaka soksi zikalowa. Dakika za mwisho Achieng' mwenyewe alipanda kwa kona, akapiga kichwa, mpira ukagonga mwamba wa juu. Kisha kipenga. Tulipoteza, moja kwa nunge, na kundi hatukupita. Waadventista wangu wakakimbia kuoga kabla ya jua.

Jumatatu niliitwa ofisini. Kwenye ile meza safi kulikuwa na ripoti ya Mwalimu Odera, na Mkuu akanisomea. Ilisema kwamba bao lilitokana na kosa la beki wa kati wa mwaka wa kwanza aliyeacha nafasi yake, na kwamba kipindi cha pili ukuta ulitulia kutokana na maelekezo ya mkufunzi wa mabeki. Odera aliandika hivyo kunisaidia. Hajawahi kunitakia mabaya. Mkuu akasema anaona hoja ya kunipa msimu mwingine. Kuhusu msichana, akasema, ni heri aachwe nje ya timu, azingatie masomo yake. Alikuwa na kalamu mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kusema asante, bwana Mkuu.

Nilikuwa nimesimama. Aliniambia niketi, nikabaki nimesimama.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nilimkataza kusema."

"Ulimkataza kusema nini?"

"Chochote. Alimwona yule mtu dakika kumi. Nilimfunga mdomo mimi."

Aliniuliza kama ninaelewa ninachofanya. Nikasema ninaelewa. Alikata mstari mmoja kwenye ripoti, akaandika mwingine, akafunga faili. Boke alibaki kwenye timu. Mimi nilirudi kwenye nyasi peke yake, na muhula uliofuata akaja mkufunzi mwenye vyeti, kijana kutoka upande wa Kisumu, mwenye koni za rangi tatu.

Jioni ya siku hiyo ya ofisini nilirudi nyumbani nikamkuta Omondi anatengeneza baiskeli uani. Yeye ni fundi, na kile kiganja kilichounganika vibaya hakigeuki vizuri mpaka leo. Hushika spana kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Hakuuliza siku ipi. Akasema, "Ulikuwa unaongea." Akaendelea kukaza nati.

Sikuwaambia wasichana kilichotokea ofisini. Boke alikipata kwa karani, wiki kadhaa baadaye, akaja mpaka nilipokuwa nikinoa fyekeo karibu na goli la chini. Alisimama hapo na vitabu vyake kifuani.

"Mbona hukuniambia?"

Nikasema ni mambo ya ofisi.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye mwaka wa kwanza," akasema, akaenda zake.

Nawaambia ninyi, nimesemwa na watu wengi, wakuu wa chuo na wake wa ukoo, lakini hakuna aliyenipiga pale aliponipiga yeye. Alikuwa na haki tena, maana wakati huohuo nilikuwa nimenyamazia jambo lingine. Nyasi kati ya beki wa kulia na beki wa kati zilikuwa zimenona. Nilikuwa nimeziona kwa wiki tatu, kila Jumatatu, na kila Jumatatu nilipita na fyekeo bila kumwambia yule kijana wa koni. Sikuulizwa. Nilikuwa nimekuwa Mzee Obura bila busara yake ya tupa. Nilizunguka uwanja huo mara sita, kisha nikamwendea nikamwambia bao lijalo litapita wapi.

Hakucheka. Alichuchumaa kwenye nyasi na suruali yake nzuri, akazigusa, akaniuliza nimefanya kazi hii muda gani. Siku iliyofuata akauliza kama ni kweli kuna kamba. Tangu hapo tulifanya pamoja, yeye na koni zake, mimi na maboya yangu, mpaka alipohamishwa, na Mkuu hakutoa barua ya kuruhusu wala ya kukataza. Sheria tuliibadilisha. Mwaka wa kwanza ndiye anayesema kwanza, kila zoezi, na wakubwa wanajibu. Wiki mbili za mwanzo ni kelele za sokoni. Vumilieni. Baada ya hapo mnaanza kusikia kitu. Na msiwaruhusu waseme tafadhali.

Nimebakiza jambo moja, kisha niwaache mwende kazini.

Mwezi jana, wiki ya kuripoti, nilipata sababu ya kupita chuoni. Nilisema naenda kuangalia kama tupa yangu ya zamani ilibaki stoo. Mazoezi yalikuwa yanaendelea. Wanne walikuwa wamefungwa ile kamba, wageni kabisa, mmoja bado amevaa viatu vya shule, na wanapiga kelele. Aliyekuwa akiwafunza ni yule aliyeshika kazi yangu. Alimaliza chuo, akafundisha shule ya msingi huko kwao, akaenda kutafuta vile vyeti ambavyo mimi sikuvipata, akarudi. Mmekwisha kumjua. Bado hajui Kijaluo cha maana.

Sikutaka kumsumbua. Nilisimama kwenye mstari tu. Kisha nikatembea kidogo, mpaka kwenye kibendera cha kona, nikarudi. Beki wa kushoto alikuwa anakaa mbali. Nikatembea tena, haraka kidogo, nikaanza kuinua mkono. Nadhani nilikuwa nimekwenda na kurudi mara nne au tano, na watoto wale walikuwa wameanza kunitazama mimi badala ya mpira, wakizungusha shingo.

Boke hakugeuka hata kichwa.

"Rispa," akaita, sauti ikavuka uwanja mzima. "Keti."

Nikaketi.